Prado ya D-4D inagonga asubuhi: ninunue au niachane nayo?

"Naishi Tukuyu, nafanya biashara ya parachichi. Nimepata Prado ya mwaka 2005, dizeli 3.0 D-4D, otomatiki, ipo Mbeya mjini, na saa inaonyesha kilometa 187,000. Mara ya kwanza nilikuta limeshawashwa na injini imeoshwa inang'aa. Mara ya pili nilifika mapema, likawashwa likiwa baridi. Liligonga kama dakika moja, likatoa moshi mweupe kidogo, kisha likatulia. Muuzaji anasema dizeli ndivyo zilivyo, hasa kwenye baridi ya Mbeya. Fundi wangu anasema D-4D zote ni mbovu, nitafute KZ. Shemeji anasema dizeli ya Toyota haifi, nilipe tu. Nishike la nani? Na nikinunua, nijiandae kwa matatizo gani?"

Dada yangu, umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: umerudi mara ya pili, tena mapema. Ile dakika moja uliyoisikia ina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji. Ninavyokuelewa, unaogopa kuweka mtaji wa parachichi kwenye gari litakalokufia njiani msimu ukiwa umepamba moto, na watu wawili unaowaamini wamekupa majibu yanayopingana. Jibu langu ni hili: usilipe bado, lakini usilikatae gari kwa sababu tu limeandikwa D-4D. Mlio ule lazima upate maelezo ya kipimo kabla hela haijatoka mkononi.

Nianze na kauli ya fundi wako. D-4D ni jina ambalo Toyota waliupa ukoo mzima wa injini za dizeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Zimo za Hiace za 2.5, na imo V8 ya 4.5 ya Land Cruiser 200, kwa hiyo kuzihukumu zote kwa mkupuo si haki. Yako inaitwa 1KD-FTV: silinda nne, ujazo wa cc 2,982, na ilianza kuwekwa kwenye Prado mwaka 2000. Hakikisha ndiyo hiyo kwa kusoma kibati cha modeli. Namba ikianza na KDJ ni 1KD. KZJ ni 1KZ, dizeli ya zamani anayoisifia fundi wako kwa jina la KZ, TRJ ni petroli ya 2.7, GRJ ni petroli ya V6. Ukiwa hapohapo linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana, injini imeshabadilishwa, na kilometa zilizo kwenye saa hazikuelezi lolote kuhusu injini unayoinunua.

Fundi wako hakosei anaposema KZ ni rahisi kuitengeneza. Pampu yake inatuma mafuta kwa kila nozeli, yaani kipulizio cha mafuta, kwa zamu, kwa presha ya wastani, na moto unaanzia kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, yaani kichwa cha injini, kabla ya kushukia pistoni. Uchafu kidogo inauvumilia. Kwenye 1KD yako, au KD kwa kifupi, pampu inajaza bomba moja nene linaloitwa reli, na mafuta yanakaa humo yamebanwa hadi kufikia baa 1,600 hivi. Tairi la Prado unalijaza baa mbili na kidogo. Hiyo ni zaidi ya mara 700 ya upepo wa tairi. Kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, na vipande vilivyo ndani ya nozeli vinateleza katika nafasi ya maikroni chache, wakati unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70. Kwa sababu hiyo KD ina nguvu zaidi, haina kelele nyingi na haili mafuta kama KZ. Kwa sababu hiyohiyo, maji au vumbi ambalo KZ ingelimeza, KD inaumwa nalo.

Naye shemeji yako nadhani anakumbuka injini kama 1HZ ya Land Cruiser mkonga: silinda sita, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kupima mafuta. Kwa injini ile ninamwelewa kabisa. Lakini sifa hairithiwi kwa sababu ya nembo iliyo mbele ya gari. KD inafika kilometa laki nne na zaidi ikitunzwa, na inanoki kabla ya laki mbili ikiachwa. Nimeziona za namna zote mbili.

Sasa tuje kwenye mlio. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe ipate moto, kisha mafuta yakipulizwa yanawaka. Injini ikiwa baridi, mafuta yanachelewa kidogo kuwaka. Yanajikusanya, halafu yanalipuka kwa pamoja, na huo ndio ugongaji wa asubuhi. Kwa hiyo muuzaji hajadanganya kabisa. Mbeya ya Juni na Julai alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na dizeli yoyote itanung'unika.

Ila D-4D imetengenezwa kupunguza jambo hilo. Kabla ya mpulizo mkubwa, kompyuta inaiambia nozeli itoe tone dogo sana la kutangulia, liwashe moto taratibu. Nozeli iliyochoka haiwezi kutoa tone dogo kwa usahihi. Ama hailitoi kabisa, ama inamwaga zaidi ya ilivyoagizwa. Hapo mlio unakuwa mkali kama nyundo kwenye chuma, mara nyingi wa silinda moja au mbili badala ya zote kwa pamoja, na unakaa muda mrefu. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ni mafuta yaliyotoka bila kuungua. Sekunde chache za mnung'uniko ulio sawa kwenye silinda zote singezijali. Dakika nzima pamoja na moshi ninaijali. Hita za kuwashia zikiwa zimekufa zinaweza kuleta dalili karibu zilezile, na hizo ni ugonjwa wa bei nafuu, ndiyo maana nasisitiza kipimo na si kukisia.

Nozeli inayovuja ikiachwa, mafuta yanadondoka juu ya pistoni wakati usiofaa na kuchoma sehemu moja ya kichwa chake. Pistoni za 1KD zinajulikana kwa kupata ufa, na nozeli mbovu ni sababu mojawapo kubwa. Ufa ukishatokea hakuna dawa ya kumimina kwenye tanki. Injini inashushwa.

Lakini kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote ni kidogo kuliko nozeli. Chini ya kila nozeli, ndani ya tundu lake kwenye hedi, kuna wosha nyembamba. Kazi yake ni kuzuia gesi ya silinda isipande pembeni ya nozeli. Wosha ikichoka, gesi inaanza kupenya kidogo kidogo, na kwenye injini hii haitoki nje ukaiona. Inaingia chini ya mfuniko wa valvu, mahali oili inapozunguka. Gesi hiyo ina joto kali na imejaa masizi. Masizi yanachanganyika na oili, oili inaungua na kuganda kama lami, vipande vya lami vinashuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Ndani ya sampu kuna bomba la pampu ya oili, na mdomoni mwake kuna chujio la waya. Lami inaliziba chujio hilo pole pole, mwezi hadi mwezi, huku kijiti cha kupimia kikikuonyesha kwamba oili imejaa vizuri.

Mteja mmoja aliwahi kuniletea Prado ya namna hii ikivutwa kwa kamba. Alikuwa na daftari lake: oili kila kilometa 5,000, hakukosa hata mara moja. Aliniambia, karibu kwa machozi, kwamba hakuelewa amekosea wapi. Nilipofungua sampu, chujio lilikuwa limezibwa na kitu kama ugali mweusi. Palibaki upenyo usiotosha hata kupitisha kidole. Oili ilikuwapo lita zote, ila haikuweza kupanda. Tabo ilikufa kwanza, beringi za krenki zikafuata. Wosha nne, ambazo bei yake haifiki ya tairi moja la gari hilo, ndizo zilizoondoka na injini nzima. Tangu siku ile sinunui wala simnunulii mtu KD bila kuangalia chujio.

Kwa hiyo injini iliyooshwa ikang'aa hainifurahishi hata kidogo. Sisemi muuzaji ana nia mbaya, wengi huosha gari zima wanapoliuza. Ila maji yanaondoa ushahidi: unyevu wa dizeli kwenye maungio, vumbi lililoganda palipovuja oili, chumvi ya kipozea iliyokauka kwenye mipira. Mwombe aliendeshe siku tatu au nne bila kuliosha, kisha uende tena.

Siku hiyo nenda saa kumi na mbili asubuhi, na umwambie jana yake kwamba ukikuta injini ina joto utarudi siku nyingine. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili na uangalie kwa tochi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida, hilo lisikutishe. Kinachonitisha ni chembechembe, kitu kizito kama grisi kilichoshikamana chini ya kifuniko, au oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho ya kijiti na inayonuka dizeli, maana hapo mafuta yanavujia ndani. Kisha fungua rejeta na utazame kipozea. Kiwe na rangi yake, kisiwe maji matupu yenye kutu wala kisielee mafuta juu. Fanya hivyo injini ikiwa baridi tu, kamwe usifungue rejeta yenye joto.

Liwashwe mara moja, wewe ukiwa umesimama karibu na boneti na mtu wako akiwa nyuma kwenye bomba la moshi. Sikiliza kama kuna mlio wa "chu-chu-chu", kama pumzi inayotoka kwenye mpira uliotoboka; mara nyingi ndiyo sauti ya wosha inayovuja. Likishatulia, regeza kile kifuniko cha oili ukiacha kimekaa juu ya mdomo wake. Kikitikisika kidogo ni sawa. Kikirukaruka na moshi ukifuka kwa mapigo, kuna gesi nyingi inayopita chini, iwe kwenye wosha, ringi au pistoni. Hapo mshukuru muuzaji na uondoke.

Likivuka hatua hiyo, usiishie kwa masikio. Tafuta fundi wa dizeli asiyemjua muuzaji, mwenye mashine inayosoma kompyuta ya Toyota kwa undani, umlipe wewe. Vile vifaa vidogo vya kusoma taa ya injini havitoshi. Mwambie akuonyeshe marekebisho ya mafuta kwa kila silinda injini ikiwa na joto na imetulia. Kompyuta hulinganisha mzunguko wa kila silinda na kuipunguzia au kuiongezea mafuta ili zote ziende sawa. Namba zikikaa karibu na sifuri, nozeli zinafanya kazi kwa kuelewana. Ikitokea silinda imevuka 3 juu au chini, kuna ugonjwa. Namba hiyo peke yake haitaji mgonjwa ni nani, kwa sababu silinda yenye kompresheni ndogo, yaani inayobana hewa kwa udhaifu, nayo huongezewa mafuta. Kwa hiyo kukiwa na namba mbaya, mwombe apime kompresheni na pia apime mafuta yanayorudi kutoka kwa kila nozeli. Nozeli inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake imelika ndani.

Asome pia hitilafu zilizohifadhiwa. P1229, kwa mfano, mara nyingi inaelekeza kwenye valvu ya kudhibiti mafuta kwenye pampu, ambayo ikinata gari linapandisha na kushusha mzunguko wa injini lenyewe au linakosa nguvu ghafla. Tatizo hilo linatibika bila kuvunja injini. Kumbukumbu ikikutwa safi kabisa na saa ya kuonyesha wakati kwenye dashibodi imerudi mwanzo, uliza kwa nini betri ilichomolewa.

Lile chujio la waya ndani ya sampu nalo linaweza kuangaliwa bila kushusha sampu. Fundi anamwaga oili, anapitisha kamera nyembamba kwenye tundu la boliti ya kumwagia, na mnaona wote kwenye skrini. Wewe ujitolee kulipia oili mpya, lita saba hivi pamoja na filta. Muuzaji mwenye gari zuri hana sababu ya kukataa. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Baada ya hapo lipandishe mlima. Una bahati, barabara yako yenyewe ni kipimo: toka Mbeya, pita Uyole, na kwenye ule mpando wa kuelekea Tukuyu mwombe ulikanyage kwa muda ukiwa na watu wanne ndani. Tabo iamke bila kusita, moshi mweusi usijae nyuma, mshale wa joto usisogee kutoka mahali pake, giaboksi ibadilishe bila kugonga. Moshi mweusi na uzito wa kupanda mara nyingi ni uchafu kwenye njia ya hewa. Injini hii inarudisha sehemu ya moshi wake ndani ili kupunguza gesi chafu, na masizi yakikutana na mvuke wa oili yanaganda kwenye manifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Kuisafisha ni kazi ya siku moja na chafu mno, lakini si msiba.

Kuna jambo nililoliacha kwa makusudi mpaka hapa, nalo ni mafuta. Watu wengi bado wananiambia dizeli ya huku ina salfa nyingi mno kwa injini za kisasa. Ilikuwa kweli zamani, lakini nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni mwanzoni mwa 2015. Kinachoua nozeli zetu ni maji, vumbi na uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli hayalainishi vyuma vya pampu na nozeli, na vyuma hivyo havina kilainishi kingine chochote zaidi ya dizeli yenyewe. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, na hali imekuwa bora sana. Hata hivyo vinasaba havikulindi na dumu lililokaa juani kijijini, wala na kituo ambacho tanki lake linaingiza maji ya mvua. Ukiwa na KD, jaza kwenye kituo chenye magari mengi, usinunue mafuta ya madumu, na ubadilishe filta ya dizeli kila kilometa 10,000 kwa filta ya kuaminika. Taa ya maji kwenye filta ikiwaka, usiendelee hata kilometa tano; maji yamwagwe kwanza.

Mkanda wa taimingi naumaliza haraka: hubadilishwa kati ya kilometa 100,000 na 150,000 kutegemea gari lilitengenezwa kwa soko gani, na taa ya T-BELT inawashwa na hesabu ya kilometa tu. Inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Bila risiti, uhesabu haujabadilishwa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Kuhusu saa ya kilometa, sitaki uiamini wala uikatae. Gari la 2005 lenye kilometa 187,000 linawezekana, lakini angalia pedeli ya breki, usukani, kiti cha dereva na nyaraka za zamani. Cheti cha Japani cha kuondoa gari kwa ajili ya kusafirishwa nje mara nyingi huandikwa kilometa za wakati ule, na baadhi ya wauzaji bado wanacho. Lala pia chini ya gari uangalie chesisi, hasa nyuma, kama lilikaa pwani. Kutu ya chesisi inanifanya niache gari hata kama injini inaimba.

Sasa kuhusu KZ. Ningekushauri uichukue kama ungekuwa unaishi mbali na fundi yeyote mwenye mashine. Lakini KZ nayo ina kidonda chake: hedi ya aluminiamu, ambayo ikichemsha hata mara moja inapata ufa kati ya valvu. Prado za KZ zilizobaki sokoni ni za zamani zaidi, na nyingi zimeshachemsha. Utakuwa umebadilisha hofu ya nozeli kwa hofu ya hedi, juu ya gari lililochakaa zaidi.

Petroli ya 2.7 ni chaguo la heshima ambalo watu wanalidharau. Inatumia cheni badala ya mkanda, nozeli zake hazina presha ya kutisha, na fundi yeyote anaijua. Itakula mafuta zaidi, na kwenye milima ya Rungwe ukiwa na kreti za parachichi itahema. Kama gari ni la kukupeleka wewe shambani na benki, na mzigo unabebwa na Canter, ningelitazama kwa makini kabla ya dizeli yoyote.

Na usishawishike kuruka hadi Prado mpya zaidi ya dizeli 2.8 ukidhani ndiyo salama bila masharti. Injini yake ni nzuri, lakini nyingi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, linalohitaji safari ndefu zenye joto ili lijisafishe. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado zaidi ya 260,000 zilizouzwa kule kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo huo. Kwa safari zako za kilometa 70 Tukuyu hadi Mbeya lingefanya kazi vizuri kuliko kwenye foleni za Dar, ila bei yake ni ya daraja jingine.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu gari lako ni huu. Vipimo vikionyesha kompresheni iko sawa, chujio ni safi, na tatizo ni nozeli au hita tu, linunue, lakini kwa bei iliyopunguzwa gharama kamili ya nozeli nne. Usikubali mazungumzo ya nozeli moja. Zilikunywa mafuta yaleyale kwa miaka ileile, na ukibadilisha moja nyingine itakuita baada ya miezi. Ukiweka mpya, hakikisha fundi anaingiza namba ya kila nozeli kwenye kompyuta ya gari, la sivyo hazitapima sawa. Kompresheni ikiwa mbaya, au chujio likiwa na lami, achana nalo hata kwa nusu bei. Watakuambia kuna injini ya mtumba inayofungwa siku mbili. Hiyo nayo ni KD yenye wosha zilezile na historia usiyoijua. Na kwa vyovyote vile, ubaki na walau sehemu moja ya tano ya bei ya gari mkononi kwa ajili ya miezi sita ya kwanza. Kama kulinunua kunamaliza hela zote, gari hili si la mwaka huu.

Ukilinunua, kabla ya kubeba hata kreti moja, wosha zote nne zibadilishwe, sampu ishushwe na kuoshwa, na mkanda, filta zote na kipozea viwe vipya. Rudia kumwaga oili baada ya kilometa 2,000, kisha kila 5,000. Wosha zikaguliwe tena kadiri fundi wako wa dizeli atakavyopanga kwa matumizi yako, usingoje mlio.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki wewe wala dereva wako myafanye wenyewe. Mafuta yakivuja kwenye mabomba ya reli injini ikiwa inawaka, msipapase kwa mkono kutafuta yanapotokea. Kwa presha ile dizeli inatoboa ngozi kama sindano na kuingia mwilini. Kitundu kinaonekana kidogo na hakiumi sana mwanzoni, lakini ni jambo la kukimbilia hospitali saa ileile na kumweleza daktari kwamba ni dizeli ya presha, kwani mkono unaweza kupotea. Zimeni injini, mwiteni fundi. La pili ni taa nyekundu ya oili. Ikiwaka ukiwa njiani, zima hapohapo hata kama uko katikati ya mpando na mzigo umejaa, usijaribu kufika gereji ya mbele. Ita gari la kuvuta, na fundi aanze kwa kushusha sampu.